Bafle inalia vibaya: tusikilize kwanza, feza baadaye



Juma hili tunajibu swali la kikundi kimoja cha wamama. Wana bafle mbili, ampli moja, batri na pano ya jua. Wanazikodisha kwa ndoa, kwa ubatizo na kwa mikutano. Feza inayopatikana inaingia katika mfuko wao kwa ajili ya minervali ya watoto wa sekondari. Tangu sikukuu iliyopita, bafle moja inakwaruza na nyingine inanguruma. Fundi alizitazama dakika chache akasema: "Hizi zimekufa, mnunue mpya." Sasa kikundi kimegawanyika. Wamoja wanataka kutoa feza ya likelemba, wengine wanasema feza ile ni ya watoto na haiguswi. Wanauliza: tufanye nini?

Jibu langu ni hili: feza ibaki kwanza mahali ilipo. Kelele mbaya mara nyingi haitoki ndani ya bafle yenyewe. Inatoka katika vitu vilivyofungwa nayo: waya, batri, shajeri, telefoni, mikro, au hata bati la nyumba. Vitu hivyo mama anaweza kuvichunguza mwenyewe, bila kufungua chombo na bila kulipa mtu. Kisha, kama kweli bafle imekufa, mtajua kwa hakika, na mtanunua bila ugomvi.

Sisi wamama tunajua kusikiliza. Mtoto akilia, mama hakimbilii dawa. Anasikiliza kwanza: hiki ni kilio cha njaa, hiki ni cha usingizi, hiki ni cha tumbo. Bafle nayo ina vilio vyake, na kila kilio kina chanzo chake.

Bafle inasema namna gani?

Ndani ya bafle kuna sumaku. Mbele ya sumaku kuna waya mwembamba sana uliozungushwa mara nyingi. Mafundi wanauita bobini. Bobini imeshikamana na ile karatasi ngumu ya mviringo tunayoiona kwa mbele. Umeme wa muziki unapopita katika bobini, sumaku inaivuta na kuisukuma, na karatasi inatikisika kama ngozi ya ngoma. Kutikisika huko ndiko kunafika sikioni kwetu. Basi, bafle haina akili yake. Inarudia kila kitu inacholetewa. Ukiiletea umeme mchafu, itatoa sauti chafu, hata kama ni mpya kabisa.

Kanuni tatu kabla ya kugusa

Ya kwanza: zima ampli na uondoe nyaya za batri kabla ya kuhamisha waya wowote.

Ya pili: badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, kisha usikilize. Ukibadilisha vitatu pamoja, hutajua ni kipi kilikuwa na kosa.

Ya tatu: anza na kitu cha bei ndogo. Waya kwanza, bafle mwisho.

Sasa jaribio lenye faida kuliko yote, kwa wale wenye bafle mbili. Zima, kisha hamisha bafle: ile ya kushoto ifungwe upande wa kulia wa ampli, na ya kulia upande wa kushoto, lakini nyaya zibaki kila moja pahali pake. Washa. Kama kelele imehama pamoja na bafle, ugonjwa uko katika bafle. Kama kelele imebaki upande ule ule, bafle ni nzima: ugonjwa uko katika waya au katika ampli. Hapo badilisha waya peke yake, na utajua ni kipi kati ya viwili. Dakika tano tu, na nusu ya mashaka imekwisha.

Vilio na vyanzo vyake

Krr-krr unapozungusha butoni ya sauti. Hilo ni vumbi ndani ya butoni. Zima chombo, kisha uzungushe butoni kutoka mwanzo hadi mwisho, mara ishirini au thelathini. Mara nyingi kelele inapungua au inaisha. Kama imebaki, fundi ana dawa ya kupuliza ya kusafisha vyombo vya umeme. Usitie maji, wala mafuta ya kupikia, wala esanse.

Inakatika na kurudi, hasa waya ukiguswa. Waya umekatika ndani, ingawa ngozi yake ya nje ni nzima. Pahali panapokatika mara nyingi ni karibu na fishi, pale unapokunjwa kila siku. Shika waya kidogo kidogo kuanzia fishi, ukiukunja polepole huku muziki ukilia mdogo. Sauti ikiruka, umepata pahali. Hiyo ni kazi ya falanga kidogo. Na ili isirudi: tusivute waya kwa kuuondoa, tushike fishi yenyewe, na tusiukunje kama kamba ya kufunga kuni.

Mmmmm, muungurumo usiokwisha hata wimbo ukisimama. Huo ni umeme. Umeme wa grupu, na ule wa 220 unaotoka katika konvertiseri, unageuka mara 50 kwa sekunde, na bafle inaweza kuuimba. Fanya hivi: kama muziki unatoka katika telefoni iliyo katika shajeri, ondoa shajeri. Muungurumo ukiisha, dawa ni kujaza telefoni kabla ya sherehe na kuitumia bila shajeri. Kama umebaki, ondoa waya unaoleta muziki katika ampli. Ukinyamaza, waya ule ndio mbaya, au umelala sambamba na waya wa umeme, utenganishe nao. Kama bado unanguruma, jaribu kulisha ampli moja kwa moja kutoka batri ya 12, ikiwa ampli yenu ina mlango huo. Konvertiseri za bei ndogo hutoa umeme wenye kona kona, usio laini, nazo hufanya bafle ivume.

Tititi-tiriri, kisha simu inaingia. Kilio hiki hakina ugonjwa. Telefoni ya kawaida inatuma mawimbi kwa vipande vipande, mara 217 kwa sekunde, na waya wa ampli unayapokea kama antena. Sogeza telefoni mbali, mita moja au mbili. Wakati wa mahubiri au hotuba, mwenye mikro asiwe na telefoni mfukoni.

Pu-pu-pu, sauti inazama kila ngoma inapopigwa. Batri imechoka. Ngoma kubwa inaomba umeme mwingi kwa mara moja, batri inashindwa, ampli inazimia kidogo, inarudi, inazimia tena. Punguza sauti. Kelele ikiisha, bafle haina kosa. Batri ya 12 iliyojaa na kupumzika inapimwa karibu 12,7. Ikifika 12,2 imebaki karibu nusu. Ikishuka chini ya 12 imekaribia kuisha, na kuendelea kuitumia hapo ni kuiua. Tazama pia vichwa vya batri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti vizuri. Ondoa nyaya, safisha kwa maji ya vuguvugu yenye bikarbonati, kausha, kisha kaza. Maji yasiingie ndani ya batri. Kazi hii ni ya mtu mzima, mbali na watoto na mbali na moto, kwa sababu ndani ya batri kuna asidi inayounguza macho na ngozi.

Wiiiiii, mlio mkali wa mikro. Mikro imesikia bafle, bafle ikarudia, mikro ikasikia tena, na duara haliishi. Wasemao Kifaransa wanauita larsen, kwa jina la Søren Larsen, mwalimu wa fizikia wa Denmark. Dawa yake haina bei: bafle ziwe mbele ya msemaji, zikitazama watu, na msemaji asimame nyuma yake. Mikro iwe karibu na mdomo, sauti ya ampli ipungue. Na tuwaambie watoto wasifunike kichwa cha mikro kwa mkono, kwa maana kunaongeza mlio.

Shhhhh katika radio. Pengine hujafika vizuri kwenye posti. Lakini kama inakuja usiku tu, tazama ampuli za jua na regilateri ya pano: vyombo hivyo vinaweza kuchafua mawimbi. Zima ampuli moja moja huku ukisikiliza. Ukipata inayosumbua, radio ikae mbali nayo. Jambo hili si dogo kwetu. Radio Okapi, tangu ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, inasema pia kwa Kiswahili, na nyumba nyingi zinategemea radio ili kujua habari ya njia, ya chanjo na ya usalama kabla mama hajabeba mzigo kwenda soko. Radio isiyosikika inaweza kumtuma mama katika njia ambayo asingepita.

Drrr, mtetemo wakati wa sauti nene tu. Usiilaumu bafle mapema. Nyumba zetu ni za mbao na bati, na bati lenye msumari uliolegea linaimba kuliko bafle. Weka mkono juu ya bafle, juu ya meza, juu ya ukuta, mmoja mmoja. Kelele ikinyamaza chini ya mkono wako, umeipata. Tazama skrubu za bafle, tazama wavu wa mbele, ondoa sahani na funguo zilizowekwa juu yake. Kisha mulika torshi ndani ya lile tundu la bafle. Bafle iliyokaa muda mrefu bila kutumiwa inakuwa nyumba nzuri kwa panya na mende. Wengi wetu tulikimbia vita, tukaacha vitu katika nyumba zilizofungwa. Tuliporudi, vyombo vilivyobaki vilikuwa vimejaa unyevu na vidudu. Chombo cha namna hiyo kisiwashwe siku ile ile. Kifunguliwe madirisha, kikauke siku mbili tatu pahali penye hewa, kisafishwe vumbi kwa brashi kavu, ndipo kijaribiwe kwa sauti ndogo.

Kwaruza kwa kila sauti, hata ndogo, na kelele imehama pamoja na bafle. Hapa ndipo bafle yenyewe inashukiwa. Ondoa nyaya zake. Tazama ile karatasi ya mviringo. Kama imepasuka kidogo, kipande cha karatasi nyembamba na gundi nyeupe ya mbao, iliyopakwa kidogo tu, vinaweza kuitunza muda mrefu. Iache ikauke siku nzima. Kama haikupasuka, weka vidole vya mikono miwili pande mbili za katikati, usukume polepole na sawasawa. Ikienda na kurudi kimya, ni vizuri. Ukisikia inakwaruza ndani kama mchanga, bobini imeungua au imepinda. Hiyo ni kazi ya fundi.

Jaribio la jiwe la torshi

Je, bafle isiyotoa sauti kabisa imekufa? Kuna njia ya kujua, na kila nyumba inayo: jiwe moja la torshi, lile kubwa au dogo la 1,5.

Ondoa nyaya za bafle kutoka ampli. Chukua ncha mbili za waya wa bafle. Moja iguse kitako cha jiwe, nyingine iguse kichwa, kwa nukta moja tu, kisha uondoe. Bafle nzima itasema "tok", na ukitazama vizuri utaona karatasi inaruka. Ikisema "tok", bobini haijakatika, na yule aliyekuambia imekufa anapaswa kueleza zaidi. Isiposema kitu, jaribu kugusa kwenye vyuma vya bafle yenyewe, nyuma yake: ikisema hapo, waya ndio umekufa. Ikinyamaza hapo pia, basi fundi alisema kweli.

Jiwe hilo linafundisha jambo la pili. Kichwa cha jiwe kikigusa upande mwekundu, karatasi inaruka mbele. Ukigeuza, inarudi nyuma. Sasa, bafle mbili zikifungwa kinyume, moja inasukuma hewa huku nyingine inavuta, na ngoma nene zinapotea. Watu wanasema "bafle zimedhoofika", kumbe nyekundu imefungwa kwa nyeusi. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote.

Kilichoua bafle, kama imekufa

Vikundi vinavyokodisha visikie vizuri. Adui mkubwa wa bafle ni butoni iliyozungushwa hadi mwisho. Ampli ikiombwa kuliko nguvu yake, inakata sauti kwa ncha, inatoa umeme mkali unaounguza bobini, na bafle ndogo za sauti nyembamba ndizo zinakufa mbele. Dalili ni moja: sauti inaanza kukwaruza. Ukiisikia, punguza papo hapo. Na katika kuikodisha, mmoja wenu aende na chombo, akae karibu nayo. Vijana wa sherehe hawatalipa bobini.

Tena, tusifunge bafle nyingi kwa ampli moja kwa sababu tu kuna waya. Nyuma ya bafle kumeandikwa namba, 8 au 4, yenye alama ya omu. Bafle mbili za 8 zikifungwa pamoja upande mmoja zinakuwa kama 4. Nne zinakuwa kama 2. Nyuma ya ampli kumeandikwa namba ya chini inayokubaliwa. Ukiivuka, ampli inachemka na kuungua.

Pahali pa kuacha

Harufu ya kuungua, moshi, au chombo kinachochoma mkono: ondoa umeme mara moja, usiwashe tena "ili kuona". Bafle ndogo za blutusi zina batri ya lityumu ndani. Ikivimba, isijazwe tena, isitobolewe, iwekwe nje mbali na vitu vinavyowaka na mbali na watoto. Ampli inayotumia 220 isifunguliwe nyumbani, hata ikiwa imezimwa, kwa sababu vyombo fulani vya ndani vinahifadhi umeme na vinaweza kukupiga. Na mikono yenye maji haigusi priza.

Masikio ya watoto nayo hayana duka la kununua mapya. Kipimo cha OMS kwa vyombo vya kusikilizia muziki ni desibeli 80 kwa masaa 40 kwa juma. Kwa watoto ni 75. Ukiongeza desibeli 3 tu, muda unagawanyika kwa mbili. Kwa kuwa hatuna kipimo nyumbani, tumia hiki: kama inakubidi kupandisha sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, muziki umepita kiasi. Mtoto mchanga asilazwe karibu na bafle, hata akiwa amelala usingizi mzito.

Tukienda kwa fundi

Mafundi wazuri wapo, na hawachukii maswali. Mwendee ukiwa na habari, useme hivi: "Fundi, tumebadilisha waya, kelele imebaki. Tumehamisha bafle, kelele imehama nayo. Jiwe limesema tok. Utupime bobini mbele yetu." Akiwa na kipimo chake, bafle ya 8 inaonyesha kawaida kati ya 6 na 7, ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, bobini imekatika. Muulize bei ya kubadilisha bobini au ile spika ya ndani peke yake. Sanduku la mbao halikufa. Mara nyingi halihitaji kununuliwa tena. Na kabla ya kupakia bafle juu ya moto kwenda Goma kupitia Kitshanga na Sake, pamoja na hatari na gharama za njia ile, hakikisheni kwamba kinachosafiri ndicho chenye ugonjwa. Aibu na hasara ni kupeleka bafle nzima Goma, na waya uliokatika kubaki Mweso.

Kwa kikundi kilichotuuliza, napendekeza mkutane mchana mmoja, ninyi wote, wanaotaka kununua na wasiotaka. Leteni waya mwingine wa kuazima, torshi na jiwe moja. Binti mmoja wa sekondari aandike katika daftari: tulijaribu nini, tulisikia nini. Ile inayonguruma, anzeni na shajeri na konvertiseri. Ile inayokwaruza, anzeni na kuihamisha upande. Mkimaliza, daftari ndiyo itaamua juu ya feza ya likelemba, si yule mwenye sauti kubwa katika mkutano.

Mtuandikie mliyoyapata. Na mama mwenye chombo kingine kinacholia vibaya, radio, pasi au mashine ya kushona, atuletee swali lake kabla ya siku ya soko. Tuonane juma lijalo.